Aliyeagwa Kabla ya Siku

Nyumba ile ilikuwa na sheria zake kama nyumba nyingine yoyote, viatu visiingie sebuleni, simu zisije mezani, lakini yenye uzito ilikuwa moja tu, na aliyeiacha ni bibi mzaa mama, sasa marehemu. Msafiri huagwa mara moja. Anakalishwa kwenye kigoda karibu na mlango wa mbele, wa nyumbani wote wanamwekea mikono kichwani na kusema, "Nenda, tumekuona," kisha anainuka, anatoka na hageuki nyuma. Kikombe chake kinafunikwa kabatini mpaka ije habari kwamba amefika. Na aliyeagwa haingii tena ndani kabla ya kufika aendako, hata gari likiharibika mtaa wa pili. Mjomba mtu aliwahi kulala kituo cha basi, mvua inamnyeshea, taa ya sebuleni kwao anaiona, kwa kuiogopa sheria hiyo. Walimcheka mwaka mzima, lakini hakuna aliyesema alikosea.

Sasa sheria kama hiyo ukitaka kuichezea, ichezee kwa sababu ya maana. Wao waliichezea kwa sababu ya ratiba.

Msafiri safari hii alikuwa binti mkubwa, fundi wa meno bandia, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Meno. Alikuwa ameshavuka thelathini na bado anaishi kwa mama yake, na alikuwa amechoka kuulizwa kwa nini. Karakana moja ya meno katika mji mkuu fulani wa Ulaya, mji ulio kando ya bahari, ilimpa nafasi ya mafunzo ya wiki chache. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kupanda ndege, sembuse kwenda Ulaya. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya masafa na mipaka alikuwa ameivuka mingi, lakini kwa matairi.

Maandalizi yalianza hata kabla viza haijatoka. Bi Meno alinunua koti zito la mtumba. Lilikuwa limepoteza kifungo cha mkononi, na fundi cherehani, kwa kukosa cheusi, akamwekea cha kijani. Alitafuta bima, soksi nzito, plagi ya kule. Alipata chumba juu ya duka la mikate. Lakini kazi kubwa aliifanya kwa kidole. Kwenye simu aliweza kuufungua mji ule na kuutembea kwa picha, barabara kwa barabara, na kila jioni alitembea. Alijua ngazi zinazoteremka mpaka baharini, alijua kona ambayo treni ya mjini hupinda karibu iguse ukuta. Nyumbani waliuita mji huo Kule, na walijua akiinamisha shingo ameshakwenda. Mama akiuliza, "Umekula?" anajibu, "Mm." Akiuliza, "Kazini vipi leo?" anajibu, "Mm," naye anateremka ngazi.

Mama huyo msimdhanie ni kikongwe wa kusahau miwani usoni. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na sura aliyoiona mara moja kizimbani aliikumbuka baada ya miaka, pamoja na kosa lenyewe. Alikuwa na ndimi mbili, moja ya upole na moja ya mahakama, na watoto wake walijua ipi inakuja kwa jinsi anavyovuta pumzi.

Kilichotokea ni kwamba mjomba alipangiwa safari ndefu ambayo ingemalizika baada ya Bi Meno kuondoka. Bila mjomba mikono haitimii. Kwa hiyo mjomba akasema, tumuage Jumapili hii, ataondoka Jumapili ijayo, shida iko wapi?

"Kumuaga mtu aliyepo?" mama aliuliza.

"Dada, bosi wangu hamjui marehemu mama. Akisema lori litoke, linatoka."

"Mama, mimi naona sawa tu," alisema Bi Meno, shingo kwenye simu.

Basi wakamuaga. Alikaa kwenye kigoda, akawekewa mikono mitatu kichwani: wa mama, wa mjomba na wa mdogo wake, fundi simu aliyeitwa Kinanda kwa kuwa hajui kunyamaza. "Nenda, tumekuona." Bi Meno aliinuka, akatoka, hakugeuka. Akajikuta amesimama nje ya geti na ndala miguuni, hana hata mkoba. Aende wapi, na kesho ni kazi? Alizunguka nyumba, akapita chini ya kamba ya nguo, kando ya tangi la maji, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Walicheka mpaka mjomba akalazimika kukaa chini. "Jamani, huyu mzungu kaingiaje jikoni kwetu?" alisema Kinanda, na kicheko kikaanza upya. Mama naye alicheka. Lakini kikombe alikuwa ameshakifunika, na Bi Meno alipotaka kukigeuza ili anywe chai, mama alimshika mkono.

"Ukikigeuza itakuwa kama hatukukuaga. Chukua kingine."

Vingine vilikuwa na wenyewe. Alikunywa kwenye bilauri ya wageni, ile yenye maua.

Siku iliyofuata asubuhi alikuta mezani chai ya watu wawili. Hakukasirika. Kusahau ni kwa wote, na mama alipomwona aliruka kidogo, akasema, "Aa, kumbe upo," akainuka kumletea. Alimletea kwenye bilauri ya maua, safari hii na kisahani chini yake. Kesho yake bafuni palikuwa na taulo jipya lililokunjwa, lile linalokaa sandukuni kwa ajili ya watu wa heshima. Bi Meno alifurahi. Alidhani mama anambembeleza kwa sababu ya safari.

Kinanda ndiye aliyekuwa na utani wake. Kila akimwona, "Habari za Ulaya?" Akimpita koridoni, "Samahani, mgeni." Hata siku moja akamwambia mama, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na Bi Meno akamrushia kitambaa cha kufutia vyombo. Ulikuwa utani mzuri. Tatizo la utani ni kwamba kuna siku unakoma, na siku hiyo Kinanda alimpisha mlangoni akasema, "Pita, dada," kwa sauti ile ile anayowapa wateja dukani kwake. Bi Meno alisubiri acheke. Hakucheka.

Kazini nako walikuwa wamemuaga kwa soda na keki. Alipofika kumalizia taya la bandia la mteja mmoja, meza yake ilikuwa imefagiliwa unga wote wa plasta na mtu mwingine ameshaipanga kwa mkono wake. Daktari wa meno, waliyefanya naye kazi miaka, alichungulia mlangoni akamuuliza kwa adabu kama ana miadi. Alisema hapana. Daktari akamwonyesha benchi la kusubiria, na yeye, kwa aibu asiyoielewa, akakaa pale kidogo kabla ya kuondoka.

Alirudi nyumbani mchana kweupe, jua la utosi, na akamkuta mama sebuleni uso umemng'aa.

"Amefika," mama alisema.

"Nani?"

Mama alimwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa umeingia kwa jina la Bi Meno na picha yake ile ile ya siku zote. *Mama nimefika salama. Baridi ya huku si mchezo. Goti lako linaendeleaje?* Chini yake ilikuwa picha: bahari ya kijivu, ngazi zinateremka, na mbele kabisa mkono wa mtu ameshika ukingo wa chuma. Mkono wa koti zito. Kifungo cha kijani.

Alikwenda chumbani mbio, akafungua mlango. Koti lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, kavu, linanuka mtumba, kifungo cha kijani mahali pake. Alitoa simu yake mfukoni akaitazama. Hakuwa ametuma kitu.

Alimpelekea Kinanda dukani simu zote mbili. Kinanda alivaa ile lenzi yake ya jicho, akachokonoa, akalinganisha, akakuna kichwa.

"Hii simu yako haijatuma chochote, dada. Na hii picha haijachezewa. Imepigwa leo, kule kule."

"Kwa hiyo nani kaipiga?"

"Si ni dada yangu," alisema Kinanda, akimrudishia simu zote mbili kwa mikono miwili. "Hukusikia? Amefika leo."

Bi Meno alimtazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta pale ambapo mzaha hukaa. Aliona mtu mwungwana anayesubiri mteja aondoke ili aendelee na kazi. Aliogopa kuliko alivyoogopa picha.

Alipotoka nje alimpigia mjomba, aliyekuwa njiani. Ngurumo ya lori ilijaa simu nzima.

"Mjomba, geuza. Rudi. Mje mniondolee hayo maneno mliyonisemea."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi. Bi Meno."

"Aa, mpwa! Dada kaniambia umefika. Hongera sana. Huo mvumo ni bahari?"

"Ni lori lako, mjomba. Mimi niko mtaani kwetu, nimesimama nje ya duka la Kinanda. Mliniaga nikaingia kwa mlango wa jikoni."

Ngurumo ya lori ilipungua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Bi Meno alihisi kuna mtu anayemsikia. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Uliingia na sisi tukacheka. Hilo nalikumbuka. Marehemu asingecheka." Gia ilikwaruza. "Sikiliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyeagwa dawa yake ni moja, afike. Nenda mpaka huko. Ufike kweli, kwa miguu yako, kisha umpigie mama yako." Halafu simu ikakatika, na alipopiga tena mjomba aliitikia kwa furaha, akauliza kama ule mvumo ni bahari.

Zilizobaki zilikuwa siku za adabu. Hakuna aliyemkosea Bi Meno hata kwa jicho. Alitandikiwa shuka nyeupe. Alipewa nyama ya kwanza kwenye sahani. Alipotaka kuosha vyombo mama alimwondoa jikoni kwa kicheko, "Hebu kaa, jisikie nyumbani." Mama aliendelea kumwita mwanangu, lakini hata muuza mboga alimwita mwanangu. Bi Meno alijaribu kila njia. Alimkumbusha mama kovu la kidevuni na mti alioangukia. Alimwimbia wimbo wa kulalia. Mama alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kama alivyowasikiliza watu mahakamani ambao ushahidi wao ulikuwa mzuri lakini umekuja kwa kesi isiyo yao.

Na wa Kule alipiga simu. Alipiga kila siku, mama akiwa ameshamaliza kazi zake na ameketi, na mama aliweka sauti ya juu ili nyumba nzima ifaidi. Ilikuwa sauti ya Bi Meno, na ule mkwaruzo wake kidogo mwanzoni mwa sentensi. Nyuma yake upepo, ndege wa baharini, kengele ya treni ikipinda kona ambayo Bi Meno aliijua.

"Umelala vipi, mama?"

"Nimelala salama, mwanangu. Goti limetulia."

"Ile dawa ya kuchua bado ipo?"

"Ipo, ipo. Hebu niambie umekula nini."

Na yule alimwambia. Alimwambia mwenye duka la mikate ana jino moja la dhahabu na anaficha tabasamu. Alimwambia alivyopotea, alivyoogopa, alivyolia kidogo kwenye ngazi halafu akajicheka. Mama alikuwa akisikiliza mdomo wazi nusu, mikono juu ya magoti, mwanamke aliyerudi kuwa msichana. Bi Meno hakuwahi kumwona hivyo. Aliona wivu, wivu wa kweli, si wa kusingizia, kwa sababu maswali yote ambayo mama alikuwa akiyajibu kwa furaha ile ni yale ambayo yeye, katika nyumba hiyo hiyo, kwenye kiti hicho hicho, hakuwahi kuyauliza.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Aliinyakua simu mkononi mwa mama.

"Wewe ni nani?"

Upepo ulivuma. Ndege mmoja alilia karibu sana na simu. Kisha ile sauti ikasema, bila hasira, "Mama, una mgeni?"

"Ndiyo, mwanangu," mama aliitikia kutoka kitini. "Ni binti mwema tu. Amefiwa nadhani, hajatulia."

"Maskini. Mpe chai. Usimwache peke yake."

Bi Meno aliirudisha simu mezani taratibu. Angetukanwa angejua la kufanya.

Usiku alifikiria kughairi safari. Akifikiria kubaki, anaona bilauri ya maua maisha yake yote, shuka nyeupe, na mama anayemwondoa jikoni kwa kicheko. Akifikiria kwenda, anaona ngazi zile, na mtu amesimama chini yake ndani ya koti. Lakini mjomba alisema afike. Akifika, akasimama pale kwa miguu yake mwenyewe na kupiga simu, mama atasikia na atajua. Hakuwa na kamba nyingine ya kushika. Aliapa kwamba simu ya kwanza atakayopiga atamuuliza mama amelala vipi, na atasubiri jibu mpaka liishe.

Jumapili ilifika. Hakuna aliyemwekea kigoda. Alibeba begi lake mwenyewe mpaka sebuleni, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, kwa kuwa halikuingia begini. Kinanda alimsaidia kulifikisha getini, akamtakia heri, akarudi dukani. Teksi ilikuwa inanguruma nje.

Mama alitoka nyuma yake akichechemea kidogo, ameshika kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi, mafundo yale yale aliyokuwa akifungia mafaili.

"Mwanangu, ngoja. Umesema unaenda mji ule ule?"

"Ndiyo, mama."

"Nina binti huko. Naomba umfikishie hii. Ni sweta, nimeifuma mwenyewe. Analalamika baridi."

Bi Meno alikitazama kifurushi. Mama hakuwahi kumfumia kitu. Naye Bi Meno hakuwahi kumwambia mama kwamba anasikia baridi.

"Nitamtambuaje?" aliuliza, na sauti ilimkwaruza.

Mama alimkagua usoni, kwa jicho lile la mahakama lisilosahau mtu, kutoka nyweleni mpaka kidevuni. Bi Meno alisimama wima, akainua kidevu. Jicho lilipita juu ya kovu, likatulia hapo kidogo, likaendelea.

"Utamtambua tu," mama alisema. "Mnafanana kidogo, hasa hapa kwenye paji." Alilainisha ukosi wa koti la Bi Meno kwa kiganja, kama mzazi yeyote angefanya kwa mtoto wa mwenzake. "Na mama yako? Anajua kwamba unasafiri leo?"

Dereva wa teksi alipiga honi.

"Anajua," alisema Bi Meno.

"Basi mpigie ukifika. Hata kama hamna mazoea, mpigie. Mimi na wangu tumekaa nyumba hii miaka yote, nasema na utosi wake. Tangu aondoke ndipo nimempata."

Bi Meno alikipokea kifurushi kwa mikono miwili.

"Asante kwa kunikaribisha, mama," alisema, akaingia garini.